Mwalimu wa mazoezi kwa njia ya simu: Ajue nini kabla hujaanza?



Leo tuzungumzie jambo ambalo miaka ishirini iliyopita wengi wetu tusingedhani kuwa lingeingia majumbani mwetu. Nalo ni kufanya mazoezi ya viungo nyumbani huku ukiongozwa na mwalimu aliye mbali, kwa njia ya simu na intaneti. Vijana humwita kochi au trena. Mtindo huu ulienea sana mwaka 2020, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, pale kumbi za mazoezi zilipofungwa katika nchi nyingi na walimu wakawafuata watu majumbani kwa video. Kumbi zilifunguliwa tena, lakini mtindo ukabaki.

Sikuichagua mada hii kwa kuwa ni ya kisasa. Nimeichagua kwa sababu ilimfika dada yangu wa tumbo moja, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Yaliyomfika dada yangu

Dada yangu amenizidi miaka kumi na moja. Ndiye aliyekuwa akinishika mkono kunipeleka madrasa nilipokuwa mdogo. Ana kisukari cha ukubwani, na wakati huo alikuwa akitumia vidonge vya metformin na glibenclamide. Mtoto wake wa kiume anayefanya kazi Muscat alimlipia mwalimu wa mazoezi kwa miezi mitatu, iwe zawadi. Mwalimu huyo ni mwanamke, ana adabu na anaijua kazi yake. Nasema hivi mapema ili msomaji asimtafute wa kumlaumu.

Kabla ya kuanza, mwalimu alituma fomu ya maswali ya afya. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, hivyo aliyeijaza ni kijana wa Muscat. Penye swali la maradhi aliandika kisukari. Penye swali la dawa aliandika hakuna, kwa sababu alipoondoka nyumbani mama yake alikuwa bado anajizuia kwa chakula tu. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, nimepata mwalimu wa mazoezi." Nikamjibu, "Maashaallah, ndilo ninalokuhimiza siku zote." Nikaishia hapo. Mimi ambaye kila siku kazini humwuliza mgonjwa anatumia dawa gani kabla sijamwandikia hata panadol, sikuuliza mwalimu yule ameambiwa nini.

Jumatatu moja dada alifunga Sunna. Alikula daku kidogo na kumeza dawa zake kama kawaida. Saa kumi na moja jioni, baada ya Alasiri, akaanza mazoezi katika chumba alichofunga madirisha na mapazia kwa ajili ya sitara. Baada ya kama dakika ishirini jasho jembamba likamtoka na mikono ikaanza kutetemeka. Mwalimu alidhani ni uchovu, akamwambia akae anywe maji. Dada akamjibu kuwa amefunga. Haukupita muda, mwalimu akabaki anautazama ukuta mtupu katika simu yake. Akaita, kimya.

Mwalimu hakuwa na namba ya mtu mwingine yeyote isipokuwa ya yule kijana. Akampigia Muscat. Kijana akanipigia mimi Tanga. Mimi nikampigia jirani wa dada, ambaye ukuta wake na wa dada ni mmoja. Yaani habari ilivuka bahari mara mbili ili imfikie mtu aliyekuwa hatua kumi kutoka mlangoni.

Nilipofika na kipimo, sukari yake ilikuwa 2.4. Alikuwa akiitika, lakini maneno hayaeleweki, na hakuweza kumeza vizuri. Tukamkimbiza hospitali akapewa sukari kwa njia ya mshipa, na akalazwa mpaka kesho yake, kwa kuwa glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kuishusha sukari mara ya pili baada ya mgonjwa kuzinduka. Neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa, "Funga yangu imevunjika?" Nikamwambia, "Dada, hii ni Sunna, haina deni. Roho yako ndiyo amana."

Mazoezi si adui

Ndugu msomaji, usije ukafunga gazeti hapa ukasema kumbe mazoezi ni hatari. La hasha. Katika miongozo yake ya mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Juu ya hayo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Wazee waliotimiza miaka 65 waongeze mazoezi ya kujenga uimara wa kusimama, angalau siku tatu kwa wiki, ili wasianguke. Mwaka 2024 shirika hilo lilieleza kuwa asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango hicho mwaka 2022.

Kwa mwenye kisukari mazoezi ni sehemu ya tiba. Misuli inapofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu, na huendelea kuivuta kwa saa nyingi baada ya kumaliza. Ndiyo maana anashauriwa asipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Lakini ndiyo maana pia aliyemeza dawa ya kushusha sukari, akafunga, kisha akafanya mazoezi, huwa ameishusha sukari yake kwa njia tatu kwa wakati mmoja. Dada yangu hakudhuriwa na mazoezi. Alidhuriwa na mambo matatu yaliyokutana, na mwalimu alikuwa akilijua moja tu.

Wapo wanaouliza: je, sala tano si mazoezi ya kutosha? Jibu ni kwamba sala ni ibada, na tunaisimamisha kwa sababu tumeamrishwa. Kurukuu na kusujudu kunanyoosha viungo, hilo halina ubishi, lakini mwendo wake ni wa taratibu na hautoshi kuufanya moyo uende mbio kwa dakika 150 kwa wiki. Tukumbuke pia kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a.), na amefundisha kuwa mwili nao una haki yake juu yetu. Hivyo mwanamke wa Kiislamu kufanya mazoezi si jambo geni wala si kuiga wengine.

Maswali saba ya kujibu mwenyewe

Mwalimu mzuri hakuanzishi kabla hajakuuliza maswali. Yapo maswali saba mashuhuri yanayotumika katika nchi nyingi, na asili yake ni Canada. Kwa maneno mepesi ni haya:

1. Je, daktari amewahi kukuambia una maradhi ya moyo au shinikizo la damu?
2. Je, huhisi maumivu ya kifua ukiwa umetulia, katika kazi za kila siku, au unapofanya mazoezi?
3. Je, katika miezi 12 iliyopita umepepesuka kwa kizunguzungu au umepoteza fahamu?
4. Je, una maradhi mengine ya kudumu, kama kisukari au pumu?
5. Je, unatumia dawa kwa ajili ya maradhi ya kudumu?
6. Je, una tatizo la mifupa, viungo au misuli linaloweza kuzidi ukiongeza mazoezi?
7. Je, daktari amewahi kukuambia ufanye mazoezi chini ya uangalizi wa mtaalamu tu?

Ikiwa jibu ni ndiyo hata kwa swali moja, usianze kabla hujamwona mhudumu wa afya. Na maswali haya ayajibu mwenye mwili wake. Ikiwa lugha ya fomu inamshinda, mtoto amsomee mama swali moja moja na aandike anachoambiwa, si anachodhani. Vidonge vyenyewe viletwe mezani na majina yake yanakiliwe kutoka kwenye pakiti.

Mjamzito naye asiogope. Ikiwa mimba haina matatizo, WHO inashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Lakini amweleze mwalimu, aongee kwanza na mkunga wake wa kliniki, na aache mara moja akiona damu, maji kutoka, maumivu ya kifua au kizunguzungu.

Vipimo vya kuangalia kabla ya kuanza

Mwenye presha. Kipimo cha 140/90 na kuendelea kikijirudia ni shinikizo la juu la damu. Ikiwa siku ya mazoezi umepima ukakuta 180/110 au zaidi, acha mazoezi siku hiyo uende kituo cha afya. Aidha, usibane pumzi unaponyanyua kitu kizito, maana kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Toa pumzi wakati wa kunyanyua.

Mwenye kisukari. Anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenclamide apime sukari kabla ya mazoezi. Ikiwa chini ya 5, ale kitu kwanza, mathalani ndizi au kipande cha mkate. Ikiwa imezidi 13.9 na anajisikia mgonjwa, anatapika au anapumua kwa shida, asifanye mazoezi, aende hospitali. Karibu na mahali pa mazoezi iwepo sukari au juisi. Dalili za kushuka ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali na kuchanganyikiwa. Ikifika chini ya 4, anywe maji yenye vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, na arudie kama haijapanda. Ikipanda, ale chakula. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu mdomoni, bali akimbizwe hospitali.

Aliyefunga. Katika Ramadhani, au siku za Sunna, mazoezi mazito ya kabla ya Magharibi si ya mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari. Wakati mzuri ni baada ya kufuturu, na Tarawehe nayo ihesabiwe kuwa ni sehemu ya mazoezi ya siku hiyo. Kabla ya kufunga aonane na daktari wake apangiwe dawa, maana wapo wagonjwa ambao kufunga ni hatari kwao. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, madaktari wanashauri afungue hapo hapo. Wala asiogope kujitoboa kidole, kwani wanazuoni wengi wameeleza kuwa tone hilo la damu halibatilishi funga.

Asiye na maradhi atumie kipimo cha mdomo. Katika mazoezi ya wastani unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukishindwa kutamka sentensi fupi bila kuhema, umefika kwenye mazoezi makali. Anayeanza asifike huko katika wiki za mwanzo.

Asichokiona mwalimu katika simu

Mwalimu wa mbali hawezi kukudaka ukiteleza wala kukushika mgongo kukurekebisha. Anaona kile tu kinachoonyeshwa na simu. Hivyo basi, simu iwekwe kwenye kiti au meza, urefu wa kiuno, umbali wa kama hatua tatu, ikuone mwili mzima kutoka ubavuni. Kutokea ubavuni ndiko anakoweza kuona kama mgongo umepinda unapochuchumaa au unapoinama.

Kubwa kuliko yote: mwalimu awe na namba mbili za watu walio karibu na wewe, si za walio ng'ambo, na ajue mtaa na nyumba unayoishi. Mtu mwenye maradhi asifanye mazoezi peke yake ndani ya nyumba. Mtoto wa miaka kumi aliyefundishwa kukimbia kwa jirani anatosha kuokoa maisha.

Sitara na amana ya picha

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, na wana haki. Mimi ni tabibu, si mufti, hivyo hukumu za kifiqhi muulize sheikh wa msikiti wako. Lakini yapo mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyaamua. Mwanamke atafute mwalimu mwanamke, na mwanamume atafute mwalimu mwanamume. Wapo wa kutosha, na uzuri wa intaneti ni kuwa unaweza kumpata aliye mji mwingine. Nguo ziwe pana kiasi cha kusitiri, lakini zisiburuze ukazikanyaga. Ushungi ufungwe usining'inie.

Walimu wengi huomba picha za kabla na baada, tena kwa nguo za kubana. Si lazima. Maendeleo yanapimika kwa mizani na kwa futi ya fundi cherehani kiunoni. Kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, na cha mwanamume kikizidi 94, hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huongezeka. Futi hiyo inatosha kuonyesha kama unapungua.

Uliza pia kama kipindi kinarekodiwa, kinahifadhiwa wapi, na nani mwingine anakiona. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wanayo ya mwaka 2019. Taarifa za afya yako zina ulinzi wa sheria. Lakini sheria huja baada ya madhara, na picha ikishatoka hairudi. Kinga ya kwanza ni kutoituma.

Usafi wa mahali na mwili

Chumba cha mazoezi kipate hewa. Katika joto la mwambao wetu, kufunga madirisha yote kwa ajili ya sitara ni kujipika. Tundika pazia jepesi, fungua dirisha la juu au washa feni, na uchague muda wa baada ya Alfajiri au usiku. Asiyefunga anywe maji kidogo kidogo.

Mkeka wa mazoezi uwe mbali na msala. Ufutwe kwa maji na sabuni kila baada ya kutumika na uanikwe juani. Nguo na soksi za mazoezi zifuliwe kila mara, zisirudiwe na jasho la jana, maana fangasi za mapajani, za miguuni na za chini ya matiti hupenda unyevu. Ukimaliza, oga na ukaushe vizuri katikati ya vidole vya miguu. Mwenye kisukari avae raba zenye kumkaa sawa, kisha akague nyayo zake kila siku, kwa sababu ganzi humficha kidonda.

Makubaliano yawe wazi

Uliza mwalimu amesomea wapi. Zipo taasisi za muda mrefu, kama ACSM, ACE na NASM za Marekani, ambazo vyeti vyake vina muda wa kuisha na huhitaji kuhuishwa. Uliza kama amejifunza huduma ya kwanza. Omba kipindi kimoja cha majaribio kabla ya kulipa miezi mitatu. Bei, idadi ya vipindi, nini kitatokea mtandao ukikatika au bando likiisha, na kama fedha hurudishwa, yote yaandikwe. Dini yetu imetuhimiza kuandika makubaliano, na uwazi huondoa ugomvi.

Mkimbie mwalimu anayekuahidi kupungua kilo kumi kwa mwezi. Kupungua kwa salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mkimbie anayekuambia uache dawa zako, maana hilo si lake. Na mkimbie anayekuuzia vidonge au chai ya kupunguza mwili. Dawa iitwayo sibutramine iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo, lakini imeendelea kugunduliwa ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kwa jina la mitishamba.

Na asiye na uwezo wa kulipa asijione mnyonge. Kutembea haraka kwenda msikitini, sokoni au shambani dakika 30 kwa siku tano za wiki kunatimiza zile 150, na hakuhitaji bando.

Dada yangu leo

Dada hakuacha mazoezi. Alipotoka hospitali daktari wa kliniki yake alimbadilishia dawa. Mimi niliandika ukurasa mmoja kwa mwalimu wake: maradhi, dawa na saa za kuzimeza, vipimo ambavyo vikionekana mazoezi yasimame, na namba mbili, yangu na ya jirani. Mwalimu alishukuru, akapanga upya ratiba nzima, na sasa haanzi kipindi kabla dada hajamtajia kipimo cha sukari. Siku za kufunga wanakutana baada ya Ishaa. Mpwa wangu wa Muscat amejilaumu sana, nami nimemwambia lawama tugawane, kwa sababu yeye alikuwa mbali na mimi nilikuwa karibu.

Ndugu msomaji, kama yupo nyumbani kwako mama, baba au dada aliyeanza mazoezi kwa njia ya simu, basi leo hii kabla hujalala muulize jambo moja: mwalimu wako anajua unatumia dawa gani? Ukurasa ule mmoja mwandikie wewe.

Allah (S.W.) atujaalie afya njema na atuwezeshe kuitumia katika kumtii. Tukutane toleo lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiiq.